Ngoja nikutwishe, bibi

Mwishoni mwa 2022, Dar es Salaam ilipokuwa kwenye mgao wa maji, mtaani kwetu Tabata tuligeuka wachota maji sote, wenye magari na wasio na magari. Kisima kilikuwa cha jirani wa mtaa wa pili. Nilikwenda na ndoo moja ya lita 20, kanga kiunoni na ngata niliyoisokota kwa kitambaa cha jikoni, nikijiona mtoto wa Usambara ambaye hakuna wa kumfundisha kubeba maji. Nikajaza. Nikainama, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye kitako cha ndoo, nikainua. Ikafika magotini. Nikavuta pumzi, nikajaribu tena. Ikafika mapajani, maji yakanimwagikia miguuni, nikaitua.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Binti mmoja, hazidi miaka 15, akasogea.

"Ngoja nikutwishe, bibi."

Nilikuwa na miaka 49. Hakusema mama, hakusema anti. Akashika upande wake, nikashika wangu, ndoo ikakaa kichwani, nikaondoka bila hata kumshukuru vizuri. Shingo ilinitetemeka njia nzima. Nyumbani ilinibidi nimwite mwanangu aje anitue, na ndani ya ndoo mlikuwa na lita 15 hivi. Zilizobaki nilikuwa nimezivaa.

Hilo la kuitwa bibi lilipita. Kilichoniuma ni kwamba mwaka ule nilikuwa nafanya mazoezi kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Nilijiunga na klabu ya jogging mwaka 2021. Dar ya siku hizi, mtu asiye na klabu ya jogging ni kama hana kabila. Fulana za rangi moja, jina la klabu mgongoni, filimbi na nyimbo, Jumamosi alfajiri barabara inakuwa yetu, halafu tunamalizia kwenye supu na chapati. Siisemi vibaya jogging. Ilinipa marafiki, ilinitoa kwenye kochi, na Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022 tulikuwa tunakwenda kukimbilia pale, jua linachomoza baharini, unasahau hata mitihani ya kusahihisha. Tatizo lilikuwa langu. Nilitaka kupungua, basi. Mwili uliponigomea nikaongeza dozi: kutoka siku mbili kwa wiki hadi tano, chai kavu bila andazi, mchana tikiti maji, usiku mchicha na kipande cha ugali ambacho mwanangu alikiita tonge la maonyesho.

Nikikumbuka, tulivyokuwa wadogo mtu akikuambia umepungua alikuwa anakuuliza kama unaumwa. Mama yangu akirudi safari akaambiwa amenenepa, alicheka siku nzima. Sisi tumegeuza. Sasa "umepungua!" ndiyo zawadi ya harusini, na mimi nilikuwa nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi kuitafuta zawadi hiyo, magoti yananiuma, nywele zinabaki kwenye kitana, na tumbo liko palepale.

Nirudi nyuma kidogo. Siku zangu zilianza kuvurugika nikiwa na miaka 46. Mara zinakuja baada ya siku 20, mara miezi miwili kimya, halafu zinafunguka kama bomba lililopasuka. Nikawa naenda darasani na sketi nyeusi tu, na sweta la kufunga kiunoni katika joto la Februari. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nasimama mbele ya watoto 60 nikichora mito ubaoni, na ghafla moto unanipanda kutoka kifuani hadi masikioni. Dar es Salaam ina ubaya wake hapo: huwezi kujua joto ni la kwako au la jiji. Nilikaa karibu mwaka mzima nikililaumu jiji.

Mhudumu wa kwanza niliyemwendea, sitasema wapi, hakuinua macho kwenye daftari lake. "Mama, ni umri huo," akaniandikia dawa ya maumivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya kisa cha ndoo nikaenda kwingine, nikakutana na daktari wa kike wa rika langu, ambaye kabla ya kuniuliza chochote kuhusu magoti aliniuliza nabadilisha pedi mara ngapi kwa siku. Akanipeleka kupima damu na kupiga utrasaundi. Uvimbe haukuwapo. Kiwango cha damu kilikuwa 8.6, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa aanzie 12.

"Unakimbia na nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Habari hii ni ya kunyanyua vyuma, lakini chuma cha kwanza ndani yake ni cha vidonge. Madini ya chuma, kidonge kwa miezi mitatu, vinavyofunga choo na kukigeuza cheusi kama lami, lakini kufikia mwezi wa pili nilipanda ngazi za shule bila kusimama katikati kujifanya natafuta simu kwenye pochi. Namwambia kila mwanamke anayechoka katika umri huu: kabla hujabadilisha mazoezi, pima damu. Miaka ile ya kuelekea kukoma hedhi, wengi wetu tunatoka damu nyingi kuliko wakati wowote wa ujana, tunasema tumechoka kwa sababu ya uzee, kumbe pipa linavuja.

Daktari yule ndiye aliyenieleza mambo ya mfupa, na mimi nikayapokea kwa lugha yangu ya ubaoni. Mfupa si jiwe. Ni kama ukingo wa mto: upande huu unamomonyoka, upande ule mchanga unalimbikizwa, na ujanani hesabu inakwenda sawa. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa inazuia mmomonyoko usizidi. Ikishuka, mto unakula ukingo kuliko unavyorudisha, na miaka michache ya mwanzo ndiyo inayokula zaidi. Misuli nayo inapungua taratibu tangu miaka ya thelathini bila kutuaga. Sasa mtu akiwa katika hali hiyo anakimbia kila siku na kula tikiti maji, anajenga na nini?

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hilo sote tumelisikia, limebandikwa hata kwenye korido za zahanati. Mstari unaofuata ndio hausomwi: siku mbili au zaidi kwa wiki ziwe za kutia nguvu misuli mikubwa ya mwili. Nilikuwa natimiza nusu ya agizo mara mbili na nusu nyingine sijawahi kuigusa.

Jimu niliyoipata iko nyuma ya gereji. Haina kioo wala kiyoyozi. Vyuma vyake vingi si chuma: ni makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, bomba limepitishwa katikati, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu. Kopo moja la aina hiyo linakaribia kilo 10. Kuna gia za lori zilizochomelewa, kuna tairi, kuna benchi lililovikwa mpira wa ndani wa baiskeli. Na mwenye kuisimamia, nilipoingia na kanga yangu, akasimama wima kama yuko mstarini asubuhi.

"Shikamoo madam."

Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Nilishawahi kumkuta nyuma ya maabara ananyanyua tofali wakati wenzake wako kwenye kipindi changu cha ramani, nikamwambia vyuma havitamlisha.

"Marahaba. Bado uko na vyuma vyako?"

"Bado, madam."

"Vinakulisha?"

"Vinanilisha chai. Ugali nautafuta kwenye bodaboda."

Siku ya kwanza hakunipa chuma. Alinipa kiti cha plastiki: nikae, nisimame, mara kumi, bila kushika magoti. Nikadhani ananidharau. Kesho yake choo cha walimu, ambacho ni cha kuchuchumaa, kilinishinda. Nilishikilia ukuta kama mlevi.

Wiki ya tatu akaniwekea bomba tupu chini na kunifundisha kitu ambacho nilidhani nakijua tangu nikiwa na miaka sita, kuokota mzigo. Miguu upana wa nyonga. Bomba liguse mifupa ya miundi. "Madam, usiiname, peleka makalio nyuma. Kama mikono yako ina sinia ya vikombe na unataka kufunga mlango wa jiko." Hapo nikaelewa. Makalio nyuma, kifua mbele, mgongo umenyooka kama ubao wa kupigia pasi. Vuta pumzi ijae tumboni. "Sasa usivute chuma. Sukuma ardhi iende chini." Bomba likapanda kwa urahisi wa ajabu, kwa sababu siku zote nilikuwa nainua vitu kwa kiuno na mikono, na misuli mikubwa kuliko yote niliyonayo, ya mapaja na makalio, ilikuwa inakaa tu inanitazama. Ni kama ile ndoo ya kisimani niliinyanyua kwa nguvu za watu wawili wakati nyumbani nina sita.

Mwezi wa pili tukatia makopo. Kila wiki au mbili anaongeza kidogo, kilo mbili, kilo mbili na nusu, anaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, dakika 40. Kuokota kutoka chini, kuchuchumaa na mzigo, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta kamba iliyofungwa kwenye tairi. Mapumziko marefu kati ya seti, yaani kati ya duru moja ya kunyanyua na nyingine, marefu hadi nilikuwa nasahihisha madaftari. Jogging nikaiacha Jumamosi tu, na jioni mbili natembea kutoka shuleni badala ya kupanda bajaji. Nikarudisha ugali. Na asubuhi mayai mawili, mchana maharage au dagaa wa kutosha, siyo wale wa kupambia sahani. Kocha alikuwa mkali kwenye chakula kuliko mama mkwe.

Kuna jambo wanawake hatulisemi, na nitalisema kwa sababu lilinizuia kwa muda mrefu: nikikohoa au nikiruka, mkojo ulikuwa unanichuruzika. Kanga kiunoni haikuwa ya heshima peke yake. Ni kitu cha kawaida baada ya uzazi na katika umri huu, na kinatibika. Daktari alinionyesha namna ya kubana misuli ya chini ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, kushikilia kwa kuhesabu, kuachia taratibu, mara kadhaa kwa siku. Nafanya nikiwa kwenye daladala, na hakuna anayejua. Ilichukua miezi mitatu hivi. Kuruka kamba nilikuja kuanza baadaye kabisa.

Katika miezi ile nilimfikiria sana bibi yangu mzaa mama, wa Soni, kule Usambara. Nikiwa mdogo nilimwona akipandisha mlima na mzigo wa kuni ambao mimi na kaka yangu hatukuweza kuuvingirisha. Watafiti waliwahi kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya wakitembea na mizigo, matokeo yakachapishwa mwaka 1986: hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao, mzigo haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Mwanamke wa kilo 60 anatembea na kilo 12 kama hana kitu. Miaka tisa baadaye ikaelezwa kwamba siri iko kwenye mwendo wenyewe, jinsi mwili unavyobembea kutoka mguu hadi mguu bila kupoteza nguvu. Na kwetu hapa, pembeni ya Ziwa Eyasi, mtafiti wa Kimarekani Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe miaka ya 1980 wakihesabu saa za kazi. Wanawake waliokwisha kuacha kuzaa, mabibi, ndio waliokuwa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko mabinti, kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi ya mawe.

Habari hiyo nilivyoisoma nilitaka kuikata nibandike kwenye ukuta wa jimu. Lakini pia sitaki kudanganya. Bibi yangu alikufa mgongo umepinda, anakuangalia kwa kugeuza shingo pembeni kama kuku. Tulisema ni uzee na kuni. Leo nadhani pingili zake za mgongo zilikuwa zinabonyea moja baada ya nyingine, kimyakimya, na hakuna aliyempiga picha ya eksirei hata siku moja. Alibeba, ndiyo. Lakini alibeba mzigo uleule miaka 50, mimba tisa katikati, nyama sikukuu kwa sikukuu, na hakuna siku ya kupumzika ila ya msiba. Daftari langu la twiga lina vitu vitatu ambavyo yeye hakupewa: mzigo unaopanda kidogo kidogo, chakula, na siku ya kulala. Nikisikia watu wanasema "bibi zetu hawakuhitaji jimu" huwa nanyamaza, maana nikianza sitamaliza.

Shoga yangu wa klabu aliposikia nabeba vyuma akasema nitageuka dume. Nimengoja mwaka wa pili sasa. Mwanamke wa miaka 50 hana homoni za kumfanya dume, hata angelala na vyuma. Kilichotokea ni kwamba fundi wangu wa cherehani alipunguza kiuno cha sketi na kuachia mshono wa mabega, na mzani wa duka la dawa ukasema nimeongezeka kilo mbili. Nilisimama juu yake nikacheka. Mwaka mmoja nyuma ningelia.

Ukali wa mazoezi haya kwa watu wazima haukubuniwa gerejini kwetu. Australia walichukua wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wote zaidi ya miaka 58, mifupa yao ikiwa imepungua uzito. Nusu wakanyanyua vyuma vizito kwelikweli, seti tano za mara tano, mara mbili kwa wiki kwa nusu saa, miezi minane, chini ya msimamizi. Nusu nyingine wakafanya mazoezi mepesi nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2018: wa vyuma, mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia karibu 3, wa mazoezi mepesi ukapungua kwa asilimia 1 na kidogo. Neno msimamizi lisirukwe hapo. Na mwenye presha asibane pumzi chini ya chuma, aanze kwa daktari. Mimi mwenyewe kocha hunipima presha kwa mashine ya betri aliyoinunua kwa sababu yangu, na siku moja ilipokuwa juu alinirudisha nyumbani kama nilivyokuwa namrudisha yeye akija bila soksi.

Vyuma havijaniondolea kila kitu. Joto bado linanipanda, ingawa limepungua ukali, na siwezi kuapa kwamba sifa ni za zege wala si za muda. Usingizi umerudi, hilo naapa. Damu ya mwisho niliiona Agosti 2023. Nilihesabu miezi 12 kwenye kalenda ya ukutani kama mfungwa, maana hadi itimie mwaka mzima ndipo wanasema umekoma, na Agosti 2024 nikajinunulia raba mpya. Baada ya hapo damu ikionekana tena, hata tone, si hedhi iliyopotea njia. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka jana, kwenye daftari, kocha aliandika kilo 52.5 na kuchora duara. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Nilikuwa nimeokota chini mzigo unaouzidi huo mara tano, wapiga rangi wa gereji wamesimama mlangoni na brashi zao zinachuruzika.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Kimara. Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, kulikuwa na lile sufuria la pilau la watu mia, kifuniko kina makaa juu, na muda wa kupakua umefika. Akina mama wakaanza kuita, vijana, vijana, njooni mtushushie. Vijana wako kwenye turubai na simu zao. Nikajifunga kanga, nikachukua vitambaa viwili, nikasimama upande mmoja wa sufuria.

"Wewe mama acha, utaumia," akasema mke wa shemeji yangu, ambaye namzidi miaka kumi na mbili.

Nikampa kitambaa cha pili, nikamwambia ashike ule upande mwingine, apeleke makalio nyuma, na asinyanyue kabla sijahesabu tatu.